Waandishi wa safari za anga, uzito umetoka wapi?

Februari 2, 1974, mjini Christchurch, New Zealand, kijana wa Karatu, ambayo enzi hizo ilikuwa sehemu ya wilaya ya Mbulu, aliongoza mbio za mita 1,500 kuanzia hatua za mwanzo hadi mwisho. Filbert Bayi alitumia dakika 3 na sekunde 32.2, na dunia ikapata rekodi mpya. Siku hiyohiyo, zaidi ya kilomita 400 juu ya ardhi, Wamarekani watatu, Gerald Carr, Edward Gibson na William Pogue, walikuwa wakimalizia siku zao 84 ndani ya kituo cha anga cha Skylab. Walirudi nyumbani Februari 8.

Ni nadra habari hizo mbili kusimuliwa pamoja, lakini zina undugu. Kila alipoingia kona, Bayi aliinama kidogo upande wa kushoto. Kwa kasi yake ya mita 7 kwa sekunde, katika kona yenye nusu kipenyo cha mita 36 hivi, ardhi ilimsukuma kuelekea ndani ya duara kwa nguvu inayokaribia asilimia 14 ya uzito wake. Asingeinama, angetoka nje ya mstari. Kule Skylab, nguvu hiyohiyo ilikuwa anasa. Mwaka 1973 wanaanga wa kituo hicho waliona kwamba wakikimbia kuzunguka ukuta wa ndani, juu ya makabati yaliyopangwa kwa duara, nyayo zao hukita na mwili ukapata "chini" yake. Duara hilo lilikuwa na nusu kipenyo cha mita 3 na ushei. Mtu akikimbia humo mita 5.5 hadi 6 kila sekunde, nyayo zake huhisi uzito uleule wa nyumbani. Kwa kasi ya Bayi wa Christchurch, zingehisi mara moja na nusu.

Kwa maneno mengine, uzito unaweza kutengenezwa. Lakini hutengenezwa kwa kazi, na kazi hiyo huonekana.

Hilo ndilo jambo ambalo filamu nyingi za anga, na sasa hadithi za vijana wanaoziiga, hupita kando yake. Chombo kinakwenda nyota hadi nyota, na ndani yake watu wanatembea kama wako Kariakoo. Kikombe kimetulia mezani. Hakuna kinachozunguka, injini imezimwa, na hakuna anayeuliza. Kwa msomaji wa kata ya Daudi, kule Mbulu, aliyezoea kupandisha kilima na ndoo ya maji kichwani, uzito usio na chanzo unapaswa kushangaza kuliko hata viumbe wenye macho matatu. Anayetaka kuandika riwaya ya anga kwa Kiswahili atafanya vyema kuanzia hapo: ajue watu wake wanasimama kwa nguvu gani, na nguvu hiyo inawagharimu nini. Akilijua hilo, nusu ya ulimwengu wake itakuwa imekwisha kujijenga.

Kiswahili chenyewe kimo katika habari hii tangu zamani, tena pande zote mbili, ule wa hadithi na ule wa kweli. Septemba 1966 televisheni ya Marekani ilianza kuonyesha tamthilia ya Star Trek, na miongoni mwa maofisa wa chombo chake alikuwamo Luteni Uhura, aliyeigizwa na Nichelle Nichols. Jina hilo lilitokana na neno letu, uhuru. Chombo cha Uhura kilikuwa na uzito wa bure kabisa. Kililipuliwa, kilikatikiwa umeme, kilipoteza mawasiliano, lakini sakafu iliendelea kuwashika watu. Sababu ya msingi si ngumu kuiona: kuwaning'iniza waigizaji kwa nyaya kila wiki kungekula fedha na muda wa studio. Watazamaji walizoea, na waandishi waliofuata wakaurithi ukimya huo kama vile ni sheria ya maumbile.

Miaka minne baadaye neno hilohilo lilikwenda angani kwa kweli. Desemba 12, 1970, Kenya ikiadhimisha miaka saba ya uhuru wake, roketi iliruka kutoka jukwaa la San Marco lililosimamishwa na Waitaliano baharini, Ngomeni, karibu na Malindi. Ilibeba satelaiti ya kwanza duniani iliyotengwa kwa kazi ya kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani, na kwa heshima ya siku hiyo ikaitwa Uhuru. Satelaiti hiyo ilikuwa ikizunguka yenyewe, mzunguko mmoja kila dakika 12, ili vifaa vyake vifagie anga pande zote. Mzunguko huo ni wa taratibu mno kuzaa uzito wowote wa kuhisika. Hata hivyo, Uhuru wa Ngomeni ulikuwa na kitu ambacho chombo cha Uhura hakikuwa nacho: ulizunguka kwa sababu maalumu, kwa kasi maalumu, na mtu aliyekuwa akiusimamia aliweza kusema kwa nini.

Kanuni yenyewe haihitaji maabara. Kijana anayefukuza ndege shambani kwa kombeo anaijua mikononi. Jiwe hutaka kwenda moja kwa moja. Ngozi ya kombeo hulivuta kuelekea mkono, na kadiri anavyozungusha kwa kasi ndivyo mvuto unavyouma vidole. Sasa jiwe liwe mtu, na ngozi ya kombeo iwe sakafu ya gurudumu kubwa linalozunguka. Mtu huyo atahisi sakafu ikimsukuma nyayo, damu ikielekea miguuni, supu ikikaa bakulini. Akitulia, mwili wake hauna namna ya kutofautisha msukumo huo na uzito wa Dunia. Hesabu nayo ni rahisi, na ina bahati ya ajabu kidogo: kitu kinachozunguka kwenye kamba ya mita moja, mzunguko mmoja kila sekunde mbili, hupata karibu sawasawa na nguvu ya uvutano wa Dunia. Ndiyo maana mtoto anayezungusha ndoo ya maji juu ya kichwa chake halowi, ilimradi mkono hauchelewi. Akipunguza mwendo tu, maji yanamjia usoni.

Dunia yenyewe ni gurudumu la aina hii, ila wanadamu wanaishi upande wake wa nje. Karibu na ikweta ardhi inakwenda kwa kasi ya kilomita 1,670 kwa saa, na mzunguko huo humpunguzia kila mtu sehemu ndogo ya uzito wake. Mkazi wa Mbulu mwenye kilo 70 amepunguziwa kama robo kilo. Tungamo lake halijabadilika, nyama na mifupa ni ileile. Ni mzani ndio unaosoma pungufu kuliko ungesoma kama Dunia ingesimama. Walimu wa sayansi huhangaika kutenganisha tungamo na uzito mbele ya wanafunzi, kwa kuwa sokoni yote mawili huitwa kilo. Hadithi moja nzuri ya anga ingewasaidia kuliko vipindi vitatu vya ubao.

Kuna dhana nyingine inayofaa kuondolewa mapema, kwamba wanaanga huelea kwa sababu uvutano umeishia hewani. Haujaishia. Katika kimo cha kilomita 400, inakozunguka stesheni ya kimataifa ya anga, uvutano wa Dunia bado unakaribia asilimia 90 ya ule wa ardhini. Wanaelea kwa sababu wanaanguka, wao na chombo chao kwa pamoja, huku kasi yao ya pembeni ikiwafanya waikose ardhi kila mara.

Mmoja wa waliolielewa hilo alikuwa mwalimu wa Zambia ambaye dunia ilimcheka. Mwaka 1964, nchi yake ikiwa ndiyo kwanza inapata uhuru, Edward Makuka Nkoloso alijitangaza kiongozi wa mpango wa Zambia wa safari za anga, akakusanya vijana, miongoni mwao msichana Matha Mwamba, akawafundisha nje ya Lusaka. Aliwaingiza katika pipa la mafuta na kuwabingirisha mteremkoni. Aliwapandisha kwenye bembea, na ilipofika juu kabisa akaikata kamba. Magazeti ya ng'ambo yaliandika kwa kejeli, na fedha alizoomba hazikuja. Lakini itazame ile kamba iliyokatwa. Kwa muda mfupi kabla ya kutua, kijana yule alikuwa akianguka huru, na hali hiyo ndiyo haswa aliyo nayo mwanaanga. Mashirika makubwa ya anga huwapa wanafunzi wao somo hilohilo ndani ya ndege inayopanda na kushuka kwa mkunjo. Nkoloso hakuwa na ndege, alikuwa na bembea. Fizikia yake ilikuwa sahihi.

Kwa nini basi, ikiwa kanuni ni nyepesi kiasi hiki, hakuna hata chombo kimoja cha watu kinachozunguka leo? Wazo si geni. Mrusi Konstantin Tsiolkovsky alikuwa nalo mwanzoni mwa karne ya 20, na mhandisi Herman Potočnik, aliyetumia jina la Noordung, alichora kituo cha mfano wa gurudumu mwishoni mwa miaka ya 1920. Mwaka 1952 Wernher von Braun aliwaonyesha Wamarekani gurudumu lenye kipenyo cha mita 76, likizunguka mara moja kila sekunde 22 ili kuwapa wakazi wake theluthi ya uzito wa Dunia. Mwaka 1975 kundi la wataalamu waliokutana kwa ajili ya NASA na Chuo Kikuu cha Stanford walipiga hesabu ya mji wa watu 10,000 ndani ya pete ya kipenyo cha kilomita 1.8, ikizunguka mara moja kwa dakika.

Kikwazo kiko katika ukubwa. Ukizungusha gurudumu dogo kwa kasi, kichwa na miguu ya mtu mmoja hupata uzito tofauti, na kila anapogeuza shingo masikio yanamdanganya, anatapika. Wataalamu wengi wameridhika kwamba mizunguko miwili kwa dakika inavumilika na karibu kila mtu. Kwa mwendo huo, uzito kamili wa Dunia unahitaji nusu kipenyo cha mita 224, yaani rimu yenye mzingo wa kilomita 1.4. Stesheni ya kimataifa ya anga, yenye urefu wa mita 109 na tani zaidi ya 400, ilianza kuunganishwa mwaka 1998, na ujenzi wake mkuu ulikwenda hadi 2011. Ipo njia ya mkato: kufunga vyombo viwili kwa kamba na kuvizungusha kama kombeo lenye mawe pande zote. Septemba 1966 Pete Conrad na Richard Gordon walijaribu, wakiwa ndani ya Gemini 11, kwa kamba ya mita 30 iliyofungwa kwenye roketi isiyo na watu. Walichopata ni chembe tu ya uzito, isiyohisika mwilini, ila kitu kilichoachiwa ndani ya chombo kilisogea taratibu upande mmoja. Zaidi ya hapo hakuna aliyefika.

Njia ya injini nayo ina bei yake. Chombo kinachoongeza mwendo mfululizo kwa kiwango cha uvutano wa Dunia kingewapa abiria uzito wa kawaida kabisa, sakafu ikiwa upande wa injini. Baada ya siku moja tu kingekuwa kimeongeza kasi ya kilomita 847 kwa sekunde. Roketi zilizopo huwaka kwa dakika chache na kuishiwa. Riwaya za The Expanse, zilizoanza kutoka mwaka 2011 kwa jina la kalamu la James S. A. Corey, zilibuni injini yenye nguvu hiyo, na waandishi wake wakaukubali mzigo wote wa ubunifu huo: vyombo vimejengwa kama ghorofa, injini chini na chumba cha nahodha juu, katikati ya safari chombo hugeuzwa kuelekea kilikotoka ili kipunguze mwendo, na watu waliozaliwa kwenye asteroidi ni warefu, wembamba, na wakiletwa duniani mifupa yao huwatesa. Jambo moja tu la kubuni, na matokeo yake yamefuatwa hadi mlangoni mwa kila nyumba.

Mifupa si mzaha. Mwanaanga anayeelea hupoteza asilimia 1 hadi 1.5 ya uimara wa mfupa wa nyonga kila mwezi, na misuli yake hulegea, ndiyo maana wakazi wa stesheni hutumia kama saa mbili kila siku kwenye mashine za mazoezi. Baadhi yao hurudi na macho yasiyoona kama awali. Mrusi Valeri Polyakov alikaa siku 437 mfululizo, mwaka 1994 hadi 1995, na hakuna aliyemzidi hadi leo. Safari ya kwenda Mars ni miezi sita hadi tisa kwa kwenda pekee.

Stesheni ya kimataifa ilipangiwa chumba chenye mashine ya kuzungushia viumbe, kikajengwa Japani, kisha mwaka 2005 mradi ukafutwa. Gamba la chumba hicho limebaki kuwa maonyesho mjini Tsukuba. Huo ulikuwa uamuzi mbaya, mmojawapo wa mabaya zaidi katika historia ya stesheni hiyo, kwa kuwa hadi leo hakuna anayeweza kusema kwa uhakika kama theluthi na ushei ya uzito wa Dunia, kiasi kilichopo Mars, inatosha kumtunza binadamu. Kilichofanyika ni kidogo lakini kina maana. Mwaka 2016, katika maabara ya Kijapani iliyoambatishwa kwenye stesheni, panya 12 waliishi siku 35: sita wakielea, sita ndani ya mashine ndogo iliyowazungusha na kuwapa uzito kamili. Waliozungushwa walihifadhi mifupa na misuli yao. Wote walirudi hai.

Maabara hiyo inaitwa Kibo. Kwa Kijapani maana yake ni tumaini, na kufanana kwake na kilele cha Kilimanjaro ni sadfa tupu, lakini ni sadfa inayompendeza Mtanzania, hasa akikumbuka kwamba ncha ya juu kabisa ya Kibo, mita 5,895, inaitwa Uhuru. Afrika Mashariki imepitia mlango wa Kibo zaidi ya mara moja: satelaiti ndogo ya kwanza ya Kenya iliachiwa kutoka humo Mei 2018, na ya Uganda Desemba 2022.

Turudi kwenye riwaya, maana hapo ndipo mwandishi wa Kiswahili ana nafasi yake. Mwaka 1968 filamu ya Stanley Kubrick, 2001: A Space Odyssey, ilimwonyesha mwanaanga akikimbia ndani ya gurudumu. Jukwaa lililojengwa kwa ajili hiyo lilikuwa na kipenyo cha mita 11.6 na lilizungushwa kweli. Ni mwaka uleule ambao mwana mwingine wa Mbulu, John Stephen Akhwari, aliumia goti katika maratoni ya Olimpiki mjini Mexico, akachechemea hadi uwanjani, giza likiwa limeingia. Mtu akikaa na kalamu, mbio zile za filamu zina siri. Tuseme gurudumu la ukubwa huo linazunguka kiasi cha kutoa uzito wa Mwezi: rimu yake itakwenda kama mita 3 kwa sekunde. Mkimbiaji akifuata mzunguko kwa mwendo wa mita 3, uzito wake unakuwa karibu mara nne. Akigeuka na kukimbia kinyume kwa mwendo huohuo, mzunguko wake unafutika na anaanza kuelea. Mwenye goti bovu kama la Akhwari angejua mara moja upande wa kukimbilia.

Habari kama hiyo ndiyo inayojenga ulimwengu. Fikiria kijiji ndani ya gurudumu la nusu kipenyo cha mita 56, likizunguka mara nne kwa dakika. Sakafu inapinda kwenda juu pande mbili, hivyo jirani wa mbali anaonekana amesimama kwa mshazari. Chai ikimiminwa kutoka sentimita 30 inatua kama sentimita 2 kando ya pale mkono ulipoelekeza. Mgeni anamwaga mezani, mtoto aliyezaliwa humo anakinga kikombe pembeni bila kufikiri. Kitu kikidondoka kutoka rafu ya mita 2 kinaangukia zaidi kidogo ya theluthi ya mita nyuma ya mzunguko. Mpira wa juu unapinda kila mara upande uleule, na timu zitabishania goli la kuanzia. Mashariki na magharibi hazipo. Lugha itahitaji maneno ya "kufuata mzunguko" na "kuupinga", na Kiswahili, chenye matlai na kusi, omo na tezi, hakiwezi kukosa la kusema hapo. Ngazi za kwenye spoki zinazidi kuwa nyepesi mtu anapozipanda. Nusu ya njia, nusu ya uzito. Wazee wenye magoti mabovu watataka kuhamia juu. Je, vyumba hivyo vya juu ni vya wazee, au ni vya wenye fedha? Na mtoto aliyelelewa huko kwenye wepesi, akikua na mifupa dhaifu, atawezaje kushuka kwa wenzake? Habari za kijana aliyekwenda ng'ambo kutafuta kazi na kurudi amebadilika zimeandikwa sana kwa Kiswahili. Hapa badiliko lingekuwa ndani ya mifupa, na daktari angeweza kulipima.

Watu wa nyanda za Mbulu wana darasa lao katika jambo hili. Nyumba za kale za Wairaqw zilichimbwa ndani ya mteremko, kilima chenyewe kikiwa ukuta wa nyuma, jambo lililowaficha pia wakati wa uvamizi. Mashamba ya Irqwa Da'aw, nchi yao ya kale, yamekatwa matuta na kulishwa samadi kwa vizazi vingi ili udongo usishuke bondeni. Njia, mifereji na mahali pa kujenga vyote vimeamuliwa kwa kuuliza maji yanaelekea wapi. Na pale kilima kinaposhindwa, matokeo ni mazito: Desemba 3, 2023 tope na mawe yalishuka kutoka Mlima Hanang hadi Katesh na vijiji vya jirani, na zaidi ya watu 80 wakapoteza maisha. Jamii iliyoishi hivi haihitaji kuelezwa kwamba "chini" ndiyo inayopanga maisha. Inahitaji kalamu itakayoichukua elimu hiyo na kuipeleka mahali ambapo "chini" imeundwa na fundi, na inaweza kuharibika.

Atatokea msomaji wa kupinga: fasihi si somo la fizikia. Hoja hiyo ina uzito wake, na riwaya ya Katama Mkangi, Walenisi, ya mwaka 1995, inaiunga mkono. Dzombo anasafirishwa kwa chombo cha anga hadi sayari ambayo jina lake linasomeka "wale ni sisi", na chombo hicho ni daraja la kumfikisha mhusika kwenye jamii inayoisuta yake. Mkangi alikuwa akiandika juu ya dhuluma na usawa. Kumdai hesabu za mzunguko kungekuwa utovu wa adabu. Lakini daraja huvukwa mara moja. Mwandishi anayewaweka watu wake angani miaka kumi, wapendane, wagombane, wazae na wazikane humo, hana daraja tena, ana nchi. Akitaka kubuni bamba la sakafuni linalovuta watu, abuni, ni haki yake. Basi bamba hilo liwe na fundi wake, lile umeme, lichakae, wahalifu walizime usiku, maskini wapewe lililo dhaifu. Kosa lipo katika kulitumia na kulisahau.

Historia ya maswali ya aina hii Tanzania ina mtu wake. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa shule ya Magamba, aliona mchanganyiko wa maziwa ya moto ukiganda kabla ya uliopoa. Alichekwa darasani. Aliendelea kuuliza hadi Denis Osborne, mhadhiri kutoka Dar es Salaam, alipolipima jambo hilo kwa majaribio, na mwaka 1969 wakachapisha pamoja. Mpemba hakuwa na kifaa cha gharama. Alikuwa na friji ya shule na ukaidi wa kutaka sababu.

Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania na iliyotoa zawadi zake za kwanza Aprili 2023, ingefanya jambo kubwa kwa kutenga nafasi ya hadithi za kisayansi, na kumweka mwalimu wa fizikia miongoni mwa waamuzi. Wachapishaji wawape waandishi hao mhariri anayejua kupiga hesabu. Shule za Mbulu na Hanang ziwape wanafunzi wa sayansi na wa Kiswahili kazi moja ya pamoja, waijenge nyumba moja ndani ya gurudumu, kwa insha na kwa namba.

Na wewe kijana wa Daudi mwenye daftari la hadithi ya anga, kabla ya jina la nahodha andika mambo matatu: nusu kipenyo cha chombo chako, mizunguko yake kwa dakika, na uzito wa mtu aliyesimama sakafuni. Kwa uzito wa Dunia, mita 224 zinataka mizunguko miwili. Mita 56 zinataka minne. Ukishayaandika, mwite mama wa hadithi yako jikoni, mpe birika, na utazame chai inaangukia wapi.